Maksi za Empuunyi

Shule za Uganda hushindana katika muziki, ngoma na maigizo kuanzia ngazi za chini hadi taifa, na sisi tuliopitia huko tunayaita mashindano hayo kwa herufi tatu tu: MDD. Aliyewahi kushiriki anajua kwamba mwisho wa siku hakuna anayeuliza nani alipiga ngoma vizuri. Swali huwa moja: mmekuwa wa ngapi? Katika insha hii nataka kuuliza jambo lililo nyuma ya swali hilo. Namna ya kuwapanga washindi inaifanyia nini ngoma yenyewe? Na inamfanyia nini msichana anayekaa nyuma ya wenzake akipiga ngoma ambayo jaji haandiki neno juu yake?

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Kampala. Ninasoma Kiswahili na Muziki, na jioni ninafundisha ngoma katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji. Niseme mapema kwamba mimi si adui wa mashindano. Mashindano ndiyo yaliyonipa ngoma. Katika Buganda ya zamani, baakisimba ilikuwa na mgawanyo wake wa kazi: wanawake walicheza, wanaume walipiga. Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Makerere aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotoka mwaka 2005, akionyesha jinsi ngoma hiyo inavyobeba fikra za Waganda kuhusu mwanamke na mwanamume. Shule za wasichana zilipoanza kucheza baakisimba jukwaani, ngoma zilihitaji mikono, na mikono iliyokuwapo ilikuwa ya wasichana. Karatasi ya maksi haikuwa na mstari unaouliza kama mpigaji amevaa sketi. Jjajja wangu aliponikuta likizo moja nimepakata embuutu, alinitazama kwa muda, akasema ngoma si kiti cha mwanamke. Nikamjibu, "Jjajja, shuleni nimeambiwa nifanye mazoezi, tuna mashindano." Akanyamaza. Neno "mashindano" lilikuwa na nguvu kuliko hoja yoyote ambayo ningeweza kuitoa.

Kwa wasiozifahamu, seti ya ngoma za Kiganda ina ngoma nne. Embuutu ni kubwa, hupigwa kwa viganja, na ndiyo inayoongea na kiuno cha mchezaji. Nankasa ni ndogo yenye sauti kali, hupigwa kwa vijiti viwili. Engalabi ni ndefu na nyembamba, imewambwa ngozi ya kenge upande mmoja tu, na sauti yake hupasua hewa hata katikati ya kelele za harusi. Ya nne ni empuunyi. Hii ina sauti nzito ya chini, na kazi yake ni kurudi mahali pale pale, tena na tena, bila kupamba. Jina lenyewe la baakisimba husimuliwa kwamba linatokana na sifa walizopewa watu waliopanda mgomba, kwa sababu mgomba ndio uliotoa ndizi, na ndizi ndizo zilizotoa pombe iliyomfurahisha Kabaka. Nikiufuata mfano huo, naona embuutu na engalabi ndizo pombe. Empuunyi ni yule aliyepanda.

Baada ya kupiga na kufundisha kwa miaka kadhaa, nimeona kwamba utunzi wa midundo ya baakisimba siku hizi una mitindo miwili. Mmoja nauita mtindo wa kusuka, na mwingine mtindo wa kukata.

Katika mtindo wa kusuka, kila ngoma huacha nafasi ambayo ngoma nyingine huijaza. Ukimsikiliza mpigaji mmoja peke yake unaweza kudhani hajui anachofanya, kwa kuwa mdundo wake una mashimo. Waweke wanne pamoja na mashimo yanatoweka. Hivi ndivyo unavyosikia kwenye kwanjula kijijini, pale ambapo wapigaji wana saa nzima na hakuna anayewahesabia dakika. Mpiga embuutu humtazama mchezaji, humwongezea kasi akiona ana nguvu, humpumzisha akiona amechoka. Mabadiliko huja polepole, na mara nyingi msikilizaji hugundua kwamba mdundo umebadilika baada ya kuwa umeshabadilika.

Katika mtindo wa kukata, ngoma zote hufanya kitu kimoja kwa pamoja: zinapanda, zinasimama ghafla, kimya, kisha zinalipuka. Engalabi hupewa nafasi ya kujionyesha. Embuutu moja huwa mbili au tatu, ili picha ijae. Mwanzo umepangwa, mwisho umepangwa, na katikati kuna vituo vitano au sita ambavyo hadhira hupiga makofi. Sisemi mtindo huu ni wa hovyo. Unahitaji mazoezi makali, na ukiupiga vizuri nywele husimama. Lakini angalia kinachoipata empuunyi. Kila ngoma zinaponyamaza, nayo hunyamaza. Kila zinapolipuka, hulipuka nazo. Kazi yake ya kuwa ardhi ya wengine inaisha. Katika makundi mengi niliyoyaona, empuunyi hupewa mtoto dhaifu kuliko wote, kwa hoja kwamba hapo hawezi kuharibu kitu.

Kwa nini mtindo wa kukata ndio unaoshinda? Jaji si mtu mbaya. Jaji amekaa mezani mbele ya jukwaa, anasikiliza makundi mengi kwa siku moja, na mengi yao yanacheza ngoma ile ile. Kila kundi lina dakika chache. Ana karatasi yenye vipengele na nafasi ndogo ya maoni. Mdundo unaosukwa unahitaji muda ili umwingie msikilizaji, na muda ndio kitu ambacho jaji hana. Kituo cha ghafla anakisikia mara moja, na anaweza kukiandikia maksi kabla hakijaisha. Walimu wanalijua hilo. Kwa hiyo wanatunga kile ambacho kalamu ya jaji inaweza kukifuata. Ndiyo maana nasema karatasi ya maksi ni mtunzi wa pili. Humtungia mpigaji kabla hajaigusa ngozi.

Jambo hili halikuanzia Uganda, wala si ugonjwa wa shule zetu pekee. Mfano ulio wazi kuliko yote niliukuta mbali sana na hapa, kwa wapigaji wa Marekani. Huko kuna vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta, ambavyo hucheza uwanjani vikitembea kwa gwaride huku vikipiga muziki mgumu. Tangu mwaka 1972 vimekuwa na ubingwa wao chini ya chama kinachoitwa Drum Corps International. Kikosi kina mstari wa dramu ndogo zenye nyuzi chini ya ngozi, ngoma zilizofungwa kadhaa pamoja kifuani kwa mtu mmoja, dramu kubwa za besi zenye sauti tofauti, na marimba yaliyopangwa mbele ya uwanja. Washindi hupangwa kwa alama 100, na tofauti ya wa kwanza na wa pili inaweza kuwa sehemu ndogo sana ya alama moja.

Hadi mwaka 1983, majaji wa vikosi hivyo waliutumia mfumo wa kukata alama kwa kila kosa. Jaji wa midundo alitembea uwanjani karibu kabisa na wapigaji, ubao mkononi, na kila aliposikia fimbo moja imechelewa aliweka alama, na kila alama ilipunguza sehemu moja ya kumi ya pointi. Fikiria wewe ni mtunzi chini ya kanuni hiyo. Kila noti unayoiongeza ni nafasi mpya ya kukosea. Kutunga kwa tahadhari ni akiba, na ujasiri ni deni. Mwaka 1984 mfumo huo uliondolewa, na majaji wakaanza kujenga alama kutoka chini kwenda juu, wakitazama kikosi kimejaribu nini na kimefaulu kwa kiasi gani. Ujasiri wa mtunzi sasa ukawa na malipo, na midundo iliyoandikwa ikazidi kuwa migumu na yenye rangi nyingi. Fimbo na ngozi ni zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Kuna somo jingine huko. Katika mpangilio wao wa siku hizi, jaji wa midundo huchangia takriban alama 10 tu kati ya zile 100. Zilizobaki ni za tarumbeta, mwendo, rangi na athari ya onyesho zima. Kwa hiyo kikosi kinaweza kuwa na wapigaji bora kuliko wote na kisishike ubingwa. Ipo tuzo maalumu ya midundo, iliyopewa jina la Fred Sanford, aliyekuwa mtunzi wa midundo wa Santa Clara Vanguard ya California katika miaka ya 1970, na imewahi kutokea kikosi hicho kikachukua heshima ya midundo huku ubingwa ukienda kwa wengine. Nilipolijua hilo nilifurahi kidogo. Angalau wenzetu wamekubali hadharani kwamba "nani ameshinda" na "nani amepiga vizuri" ni maswali mawili.

Lakini sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna haja ya kuvuka bahari ili tupate ushindani wa bendi. Tunao wetu, na jina lake liko katika kamusi zetu. Beni, neno lililotokana na "bendi", ilianza katika pwani ya Kenya miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walipochukua gwaride, sare, filimbi na dramu za majeshi ya kikoloni na kuzitia katika ushindani wa ngoma uliokuwapo pwani tangu zamani. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi. Dar es Salaam ilikuwa na Marini na Arinoti: Marini wakijiona watu wa daraja la juu, Arinoti wakiwa na wafuasi wengi miongoni mwa wafanya kazi wa kawaida. Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wapagazi na askari wake, iliieneza beni bara hadi Nyasaland na Kongo. Mwanahistoria Terence Ranger aliisimulia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Kinachonivutia katika beni ni kwamba ilikuwa na vyeo vingi kupindukia, lakini haikuwa na karatasi ya maksi. Chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makapteni wake, madaktari wake. Kila mtu alijua cheo chake ndani ya chama. Ila chama kipi kimekishinda chama kipi, hilo liliamuliwa mtaani: nani amevuta watu wengi, nani ametoa karamu kubwa zaidi, nani ametunga wimbo mpya wa kumchoma mpinzani na watu wakaushika. Hukumu haikutolewa saa kumi na moja jioni kwa kipaza sauti. Ilibishaniwa hadi mwaka unaofuata. Na kwa sababu hadhira ndiyo iliyokuwa jaji, na hadhira ilitembea na bendi mtaa kwa mtaa ikicheza, mdundo ulilazimika kuwa wa kuchezeka. Huwezi kuwaambia watu mia mbili wasimame ghafla mara sita katika barabara ya vumbi. Lazima pawe na pigo la kuwabeba. Beni ya harusi ya Unguja ingali hivyo hata leo: ngoma hupiga bila kukatika, kwa kuwa wanaohukumu wana miguu.

Sipendi kuipamba beni. Ushindani wake uliwaingiza watu katika gharama kubwa na ugomvi, na hukumu ya umati nayo ina upendeleo wake. Hoja yangu ni ndogo: jaji anayekaa mezani na jaji anayecheza hutungiwa midundo tofauti.

Na uko utunzi wa tatu, ambao haukutungiwa jaji yeyote. Huo ulikuwa hapa hapa Kampala, katika Lubiri ya Mengo. Chukua amadinda, marimba ya vipande 12 vya mti vilivyolazwa juu ya magogo ya migomba. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, huanza na mstari wake. Wa pili, omwawuzi, yaani mgawanyaji, huketi upande wa pili na kuingiza noti zake katikati kabisa ya noti za mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili vya juu tu, na hapo huokota mdundo unaotokana na kuchanganyika kwa wale wawili. Hakuna hata mmoja wao anayepiga wimbo wenyewe. Wimbo hutokea katikati yao. Ukimwambia omunazi apige peke yake ili umpe maksi, utakuwa umempa maksi kwa kitu ambacho si amadinda.

Ikulu ilikuwa pia na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kama ngazi ya muziki: wapigaji wanne kwenye 12 zilizorekebishwa sauti, na wawili kwenye tatu kubwa. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yalipoishambulia Lubiri, Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, na hazikurudi hadi 1993. Katika miaka hiyo 27 muziki huu ulishikwa na watu wachache. Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa ikulu, aliwafundisha Waganda na wageni hadi uzeeni. Joseph Kyagambiddwa alikuwa ameshachapisha kitabu mwaka 1955 kilichohifadhi nyimbo nyingi za amadinda kwa maandishi. Ninalitaja hili kwa sababu mashindano ya shule nayo yalisaidia. Wakati ikulu ilipokuwa kimya, jukwaa la shule lilikuwa mojawapo ya mahali ambapo mtoto wa mjini aliweza kuishika ngoma ya babu yake. Ushindani ulihifadhi. Lakini ulihifadhi kile kinachoonekana kutoka mezani.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la maktaba tu kwangu.

Katika shule ninayofundisha, wanafunzi kadhaa wa kundi la ngoma husoma kwa basari ya karo. Basari hiyo hupitiwa upya baada ya mashindano. Mwaka jana nilikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyepiga empuunyi. Mama yake anauza mboga katika soko la Kalerwe. Hakuwa dhaifu. Nilimweka pale kwa sababu alikuwa na kitu kisichofundishika: hakuyumba. Unaweza kumzingira kwa embuutu tatu zinazokimbia, naye akabaki pale pale kama nguzo ya nyumba. Wiki tano kabla ya mashindano niliitwa ofisini. Nikaambiwa, kwa upole, kwamba nafasi za basari zimepungua na kwamba shule itawabakisha wanaoonekana.

"Mwalimu, huyu wa nyuma anafanya nini hasa?" nikaulizwa.

"Anawashikilia wote, Mwalimu Mkuu."

"Basi jaji aone hivyo."

Mwalimu mwenzangu wa dansi alikuwa na jibu tayari: mpe msichana engalabi dakika moja, ajionyeshe, mambo yaishe. Tulibishana siku mbili. Angeweza kuipiga. Lakini yule wa engalabi naye alikuwa na basari, na kumwondoa mmoja ili kumwokoa mwingine ni kuhamisha tatizo tu. Wazo la pili lilikuwa kumtungia empuunyi kipande cha mbwembwe. Nilijaribu kukiandika. Usiku mzima niliandika na kufuta. Kila kilichokuwa kizuri hakikuwa empuunyi tena. Kilikuwa embuutu iliyovaa nguo za empuunyi.

Jumamosi nilikwenda Wakiso kwa mzee mmoja mpiga ngoma ambaye sote tunamwita Jjajja, ingawa wengi wetu hatuna undugu naye. Nilimpigia magoti kama desturi ilivyo, nikamweleza. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, unataka kuibadilisha empuunyi ili isikike. Kwa nini usiwabadilishe hao wanaoifunika?"

Nilirudi na teksi ya jioni nikilirudiarudia neno hilo. Jumatatu nikaanza upya. Katikati ya onyesho letu palikuwa na mahali ambapo wachezaji hubadilisha mistari, na hapo desturi ya mashindano ni kuweka kelele nyingi ili jaji asione vurugu ya miguu. Nikapaweka kinyume. Nankasa iliacha kwanza. Kisha embuutu moja, ya pili, ya tatu. Mwisho engalabi. Ikabaki empuunyi peke yake, ikipiga kile kile ilichokuwa ikikipiga tangu mwanzo, bila pigo moja la ziada, na wachezaji 16 wakivuka jukwaa juu yake. Kisha ngoma zikarudi moja moja, kila moja ikiingia katika shimo lake, ili msikilizaji asikie namna mkeka unavyosukwa. Ilichukua muda usiofika hata dakika moja. Wasichana waliogopa sana mazoezini. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hapa tunajisikia uchi." Nilimwambia asikilize chini.

Siku ya mashindano tulikuwa wa pili katika ngazi yetu, na waliosonga mbele walikuwa wa kwanza peke yao. Wale wa kwanza walikata vituo saba, navyo vilikuwa safi kabisa. Sina la kuwalaumu. Kwenye karatasi yetu jaji mmoja hakuandika chochote kuhusu kile kipande. Jaji wa pili aliandika mstari mmoja, kwamba ngoma ya chini ilikuwa imara na kundi zima limeiegemea. Niliipeleka karatasi hiyo ofisini, nikaweka kidole kwenye mstari huo. Msichana alibakishiwa nusu ya basari. Nusu nyingine mama yake anaitafuta Kalerwe kila alfajiri. Mwalimu wa dansi na mimi hatukupata nyongeza tuliyoahidiwa kama tungekuwa wa kwanza, na yeye hunikumbusha jambo hilo kila tunapokunywa chai. Huwa sina jibu zuri la kumpa. Yeye ana watoto wawili.

Nimesikia wenzangu darasani wakisema suluhisho ni kuyafuta mashindano, tucheze kwa ajili ya utamaduni tu. Siwezi kukubaliana nao. Bila mashindano mimi ningekuwa bado naambiwa ngoma si kiti changu, na yule msichana asingekuwa na hata hiyo nusu. Wengine wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka, tuwaache wa mtindo wa kukata wapasuke wenyewe. Hawatapasuka. Wanashinda, na anayeshinda huigwa.

Ninachoomba ni kidogo, na ninakiomba hasa kwa wahadhiri wetu, kwa kuwa baadhi yao huitwa kuwa majaji. Kama Wamarekani waliweza kuigeuza kanuni moja mwaka 1984 na muziki wao ukageuka, sisi pia tunaweza kugeuza moja. Jaji wa ngoma ainuke mezani. Azunguke nyuma ya kundi, asimame karibu na kila mpigaji kwa muda mfupi, kama majaji wa zamani wa Marekani walivyotembea uwanjani, ila asiende kuhesabu makosa. Aende kusikiliza kila ngoma inaiachia nini ngoma nyingine. Na karatasi iwe na mstari mmoja kwa ajili ya hilo. Mstari huo ukiwepo, mwalimu wa shule yoyote atafikiri mara mbili kabla ya kumpa empuunyi mtoto anayemwona dhaifu.

Muhula huu nimeitwa tena kufundisha. Nimewaambia wasichana kwamba wiki mbili za kwanza hatutagusa engalabi wala embuutu. Kila mmoja, hata wachezaji, atapiga empuunyi hadi aweze kupiga dakika kumi bila kuyumba. Wamelalamika sana. Aliyepewa kazi ya kuwasahihisha ni yule wa kidato cha pili, ambaye sasa yuko kidato cha tatu.